Saa ya Kigoma na Saa ya Kalemie

Ziwa Tanganyika laitenga miji ya Kigoma na Kalemie, yote miwili isemayo Kiswahili, na jua huichomozea karibu kwa pamoja. Saa zake, hata hivyo, hazipatani. Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Ya Kongo iliufikia mji wa pili, ulioitwa Albertville, mwaka 1915. Leo Kigoma hufuata saa ya pwani, Kalemie ya Lubumbashi, iliyo nyuma kwa saa nzima.

Sisi walimu twafundisha kwamba saa zetu huhesabiwa tangu macheo. Kumbe Kigoma saa kumi na mbili asubuhi ni giza bado. Jua hutoka yapata saa moja! Kalemie, ambako ofisi huandika Kifaransa, ndiko jua litiiko hesabu ya Waswahili.