Uta, Upinde na Umuheto: Historia ya Chombo Kilichobaki Kamusini

Kila mwaka tunapofundisha Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, huwa tunafika mahali pawili ambapo darasa zima huamka. Mahali pa kwanza ni penye hila ya makoma. Wasanye na Wadahalo, kwa ahadi ya fedha ya mfalme wa Pate, wanamwalika Liyongo kwenye kikoa, na kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake ili akiwa juu wamtungue. Liyongo hapandi. Anayapiga makoma kwa mishale kutoka chini, yakaanguka, na wenzake wakashikwa na hofu. Mahali pa pili ni kisimani. Baada ya kuchomwa kitovuni na mwanawe, anapiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa utani, akakata roho katika hali hiyo hiyo. Na watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai na amekasirika.

Katika visa vyote viwili chombo kinachofanya kazi ni kimoja, nacho ni uta. Lakini wanafunzi wetu wengi hawajapata kuushika. Neno upinde wanalijua kutokana na upinde wa mvua, na mshale wanaujua kwenye saa ya ukutani. Ukiwauliza wano ni nini, au upote, au kigumba, wanatazama dirishani. Makala haya yanafuatilia kwa ufupi historia ya chombo hicho kutoka pwani hadi hapa kwetu ziwani, kisha yanaeleza yaliyojitokeza kilugha wanafunzi wetu walipouchonga upinde katika karakana ya shule moja ya ufundi hapa Bujumbura.

Tuanze na majina. Kiswahili kina mawili. Uta ndilo kongwe zaidi, nalo ni mali ya Wabantu wengi: Wakikuyu na Wakamba wanalo, Wachewa wa Malawi wanasema uta, Wabemba wa Zambia wanasema ubuta. Wingi wake ni nyuta au mata, na hilo la pili zamani lilitumika hata kwa maana ya silaha kwa jumla. Upinde limekuja kutokana na kitenzi pinda, yaani ni kile kilichopindwa. Kirundi kimefuata njia hiyo hiyo ya pili, ila kwa mzizi mwingine: umuheto, kutoka guheta. Hapa ndipo mwalimu wa Burundi ana bahati ambayo mwenzake wa Unguja hana. Wanafunzi wetu wanajua kwamba h ya Kirundi mara nyingi husimama mahali pa p ya Kiswahili: guha na kupa, guhita na kupita. Basi guheta kunatupeleka kwenye kitenzi peta cha Kiswahili, chenye maana ya kukunja kitu kiwe duara, ambacho siku hizi hakitumiki sana kwa maana hiyo. Na Kirundi chenyewe kimeihifadhi ile p pale ilipokingwa na m: impeta, ambayo kwa Kiswahili ni pete. Upinde na pete, kwa Mrundi, ni ndugu wa ukoo mmoja. Tumeona darasa likishangilia jambo hili kuliko lilivyoshangilia somo lolote la fonolojia.

Tukumbuke pia kwamba pinda ndiyo iliyozaa pindua, na pindua ikazaa mapinduzi. Katika mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964, miongoni mwa silaha walizochukua watu wa John Okello kabla ya kuteka bunduki za polisi zilikuwa mapanga, mikuki na pinde. Ni sadfa tu, lakini sadfa ya aina hii humsaidia mwanafunzi kukumbuka.

Kivita, upinde ulikuwa silaha ya heshima katika Afrika ya Mashariki kwa karne nyingi. Taarifa za Wareno waliouchoma mji wa Mombasa mwaka 1505 zinataja wapiga mishale kutoka bara waliokuja kuutetea mji. Huku kwetu, katika miaka ya 1880, Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kutoka upande wa Ujiji kuingia Burundi kwa bunduki, na watu wa Mwami Mwezi Gisabo, wenye mikuki na mishale, wakamzuia. Bunduki za gobori zilikuwa nzito na polepole kujazwa. Mpiga upinde hodari alikuwa na nafasi ya kurusha mishale kadhaa kabla ya mwenye gobori kumaliza kushindilia baruti.

Hali ilibadilika Wajerumani walipoweka kituo cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, na bunduki za kisasa zikaja nao. Mwaka 1903 Kapteni Robert von Beringe alimwendea Mwezi Gisabo kivita, na Juni 6 mwaka huo mwami akalazimika kukubali mkataba wa Kiganda. (Ni von Beringe huyo huyo ambaye mwaka 1902 aliwapiga risasi masokwe katika mlima Sabinyo, na wanasayansi wakawapa masokwe wa milimani jina lake.) Tangu hapo upinde haukuhesabiwa tena kama silaha ya dola. Ulibaki kwa wawindaji.

Na historia ya wawindaji ndiyo yenye uchungu zaidi. Kibira, msitu wa milimani uliokuwa mahali pa uwindaji wa wami, uliwekwa chini ya hifadhi na Wabelgiji katika miaka ya 1930, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1980. Hatusemi kwamba msitu haukustahili kulindwa. Kama usingelindwa huenda leo pangekuwa mashamba ya chai peke yake. Lakini Watwa, waliotegemea msitu kwa nyama na asali, waliambiwa kwamba ujuzi wa babu zao sasa ni kosa. Wengi wakabaki na kazi ya ufinyanzi, na siku hizi mtu akisema Mtwa, mwanafunzi wa mjini anafikiria chungu, hafikirii umuheto.

Kisa kama hicho kilitokea Kenya kwa kasi zaidi. Wawaata, ambao Wagiriama huwaita Waliangulu na ambao watu wa pwani huwahesabu miongoni mwa Wasanye wale wale wa utendi, waliwinda tembo katika nyika ya Tsavo kwa pinde zilizohitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuvutwa, na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti. Mwaka 1956 na 1957 David Sheldrick aliongoza kampeni kali ya kuwakamata. Wapiga upinde mashuhuri walifungwa jela. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana ili wawinde kwa kibali na kuuza pembe na nyama kihalali, lakini mpango wa kuwafanya wawindaji halali haukudumu. Katika muda mfupi kizazi kizima cha mafundi kilikosa wa kumrithisha kazi.

Ya sumu tuyapitie haraka, ila moja linafaa kusimuliwa darasani. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi ulioanza mwaka 1858. Mswaki wake uligusana na sumu ya mishale iitwayo kombe, naye alipoutumia akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Utafiti uliofuata Uskoti ulizaa dawa ya moyo. Dawa ikabaki kwenye vitabu vya tiba, na mwindaji aliyeijua kwanza hakuandikwa jina.

Sasa tuingie karakanani. Neno karakana lenyewe lina asili ya Kiajemi na limetufikia kupitia bahari. Vijana wa Buyenzi na Bwiza husema atelye. Wanafunzi wetu walikuta pia kwamba fundi wa shule ana eto mahali pa jiliwa na rabo mahali pa randa. Hatukuona sababu ya kumsahihisha, kwani anajua kazi. Tuliandika majina yote mawili ubaoni, moja kando ya jingine, na kazi ikaanza.

Jambo la kwanza fundi alilofanya lilikuwa kukataa ubao. Ubao wa mkaratusi uliopasuliwa kwa msumeno, alisema, unaonekana umenyooka kwa macho, lakini msumeno haujali nyuzi za mti. Umezikata njiani, na ubao ukikunjwa utavunjika pale pale nyuzi zilipokatwa. Alichagua mti mwembamba wa mpera, ulionyooka, usio na vifundo, akaupasua katikati kwa shoka na kabari ili upasuke unavyotaka wenyewe. Sehemu za Tanzania mti unaosifika kwa kazi hii ni mkole. Mpera ni mgeni kutoka Amerika, lakini ni mgumu na una mnyumbuko. Vipande viliachwa kivulini wiki kadhaa vikauke taratibu. Wanafunzi walioharakisha kidogo kipande chao kwa kukianika juani walikikuta kimepasuka nchani.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya kupunguza. Upande wa nje, ule ulio chini ya gome, hauguswi kabisa, kwa sababu ndio unaovutika upinde unapokunjwa. Kinachochongwa ni upande wa ndani, unaomtazama mpigaji. Kwanza tezo, kisha randa, kisha tupa, na mwisho kipande cha chupa iliyovunjika, ambacho hukwangua vizuri kuliko msasa. Katikati huachwa pana, na ncha hukondeshwa.

Sehemu ngumu ni kuufundisha upinde kukunjika. Fundi aliushikiza katikati kwenye ubao uliosimamishwa, akafunga kamba nchani, akaivuta kidogo huku wanafunzi wakitazama kutoka hatua tano. Mahali palipobaki panyoofu ni pagumu, pakwanguliwe. Mahali palipojikunja kama kiwiko pamekonda mno, pasiguswe tena, bali pafuatwe pande zake. Anavuta, wanatazama, anakwangua, anavuta tena. Ilichukua Jumamosi tatu. Hapo ndipo tofauti ya vitenzi tuliyokuwa tukiieleza kwa maneno ilionekana kwa macho. Karatasi hukunjwa ikabaki imekunjika. Upinde hupindwa ukarudi. Mwanafunzi mmoja alituuliza kama kitenzi peta kingefaa zaidi, kwa kuwa umbo linalotafutwa ni sehemu ya duara na si pembe. Swali hilo halimo katika kitabu chochote cha sarufi tulicho nacho.

Upote ulisokotwa kwa katani, nyuzi tatu, badala ya kano za mnyama ambazo wawindaji hutumia. Mawano yalikatwa katika matete, yakanyooshwa juu ya moto, yakafungwa manyoya ya kuku nyuma. Bila manyoya mshale huyumba na kwenda ubavu. Vigumba hatukutia, kwa amri ya mkuu wa shule, nasi tuliafiki. Ncha zilikuwa za mti, butu, kama zile wanazotumia watoto wa Wahadza wa Ziwa Eyasi wanapojifunza, na shabaha ilikuwa gunia la pumba.

Upinde ulipokamilika ulikuwa na urefu wa mita 1 na sentimita 60. Tuliuning'iniza kwenye mizani ya ndoano ya muuza nyama, na ulipovutwa kikamilifu ulisoma kilo 14. Wavulana wawili na msichana mmoja waliweza kuushikilia umevutwa kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Waliobaki mikono ilitetemeka. Ndipo tulipofungua tena ukurasa wa Liyongo kisimani. Safari hii hakuna aliyeuliza kwa nini watu wa mji waliogopa maiti. Walichouliza ni namna gani mkono wa mtu aliyekufa unaweza kubaki umeuvuta uta, na mjadala ukaenda hadi kengele ikalia.

Kwa upande wa ngeli, zoezi lilitoa matunda ambayo hatukuyatarajia. Wanafunzi wetu, kwa kufuata umuheto na imiheto, husema mipinde. Baada ya kushika chombo na kukitaja mara mia kwa siku, pinde ilianza kutoka yenyewe, na wano na mawano vilevile. Uta na mata bado unawasumbua. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilitusaidia sana kupata maneno ya sehemu za mshale, na tulilazimika kuitumia pamoja na kamusi za karibuni.

Kuna sehemu moja ambayo hatukuipatia jina: kile kijifuo kidogo kwenye ncha ya upinde kinachozuia upote usiteleze. Fundi alikiita kwa Kifaransa. Mzee mmoja wa Kamenge alitupa neno la Kirundi ambalo mzee mwingine, wa Kayanza, alilikataa. Tunawaomba wasomaji wanaofundisha Cibitoke, Kayanza na Muramvya, pamoja na wenzetu wa Uvira na Kigoma, wawaulize wazee wao, hasa Watwa waliowahi kuwinda Kibira, watuletee jina hilo pamoja na majina ya podo na ya mshale wa ndege. Watuandikie neno, mahali liliposikika, na umri wa aliyelisema.