Kidole Hewani: Barua ya Fanny Burney na Historia ya Kisu

Shangazi yangu alipoambiwa titi lake litaondolewa, nilimuuliza: "Walikueleza kama kuna njia nyingine?" Akanishangaa. "Mwanangu, daktari akishasema, mimi nitauliza nini?"

Sikuwa na jibu. Ila usiku ule nilirudia kusoma barua moja ya zamani sana, na tangu hapo siwezi kuitenganisha na shangazi.

Aliyeiandika ni Fanny Burney, mwandishi wa riwaya wa Uingereza aliyejulikana tangu Evelina ilipotoka mwaka 1778. Aliolewa na jenerali Mfaransa, akamfuata Ufaransa mwaka 1802, na vita vikamfungia huko. Tarehe 30 Septemba 1811, akiwa na miaka 59, wanaume saba waliovaa nguo nyeusi waliingia nyumbani kwake Paris. Mmoja wao alikuwa Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon.

Dawa ya usingizi ilikuwa bado. Etha ilikuja kuonyeshwa hadharani kule Boston mwaka 1846. Burney alipewa kinywaji chenye mvinyo, akapanda kitandani mwenyewe, akafunikwa uso kwa leso. Sasa, leso yenyewe ilikuwa nyepesi mno, akaona kila kitu. Aliona kisu kiking'aa. Baada ya hapo aliona kidole kikichora hewani msalaba, kisha duara, akaelewa: linaondolewa lote. Akainuka, akaitupa leso, akaanza kuwaeleza maumivu yake yalipo. Walimsikiliza kimya, halafu wakamlaza tena.

Upasuaji wenyewe anausimulia hatua kwa hatua, hadi kisu kinavyokwangua mfupa wa kifua. Kumwandikia dada yake barua hiyo kulimchukua miezi, na hakuthubutu kuisoma tena. Aliishi hadi mwaka 1840. Wapo wanaotilia shaka leo kama uvimbe ule ulikuwa saratani kweli.

Kinachonikaa mimi kichwani si kisu. Ni kile kimya, na kidole kinachoamua hewani.

Kwa sababu kidole hicho kiliendelea kuamua hata baada ya maumivu kupata dawa. Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted wa Johns Hopkins, Baltimore, alieneza upasuaji wa kuondoa titi zima, misuli ya kifua na tezi za kwapani. Aliamini saratani husambaa kwa mpangilio, kutoka kwenye uvimbe kwenda nje, kwa hiyo ukikata kwa upana utaiwahi. Wazo hilo lilitawala kwa miongo mingi. Mwanamke alilazwa usingizi ili kinyama kipimwe. Kikionekana kibaya, titi liliondolewa hapo hapo. Yaani alizinduka ndipo akajua.

Mwaka 1974 mwandishi wa habari Mmarekani, Rose Kushner, aligundua uvimbe kwenye titi lake na akakataa utaratibu huo. Alitaka apimwe kwanza, aamshwe, kisha waongee. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, na mwaka 1979 jopo la kitaifa alilokuwamo likapendekeza vipimo na upasuaji vitenganishwe. Wakati huo huo Bernard Fisher alikuwa akilipima wazo la Halsted kwa majaribio. Mwaka 1985 timu yake ikachapisha matokeo: kwa uvimbe wa mapema, kuondoa uvimbe peke yake na kufuatisha mionzi kulimpa mwanamke nafasi ya kuishi sawa na kuondoa titi zima.

Leo swali la kwanza ni aina ya saratani. Inayolishwa na homoni hutibiwa kwa vidonge kama tamoxifen. Yenye protini ya HER2 kwa wingi ina dawa yake, trastuzumab, iliyoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 1998. Nyingine huhitaji kemo, mara nyingi kabla ya kisu ili uvimbe unywee. Lakini kulihifadhi titi kwa kawaida hudai mionzi, wiki kadhaa za kwenda na kurudi. Ukiwa mbali na Ocean Road, Dar es Salaam, au hospitali nyingine yenye mashine, hesabu inabadilika: nauli, malazi, na nani atabaki na watoto.

Kliniki iliyofuata nilimsindikiza shangazi. Alikuwa na karatasi yenye maswali matatu: ni ya aina gani, je, wanaweza kukata uvimbe tu, na mionzi itapatikana wapi. Daktari, kusema kweli, alivuta kiti akayajibu yote, akamchorea na picha.

Titi liliondolewa. Uvimbe ulikuwa umeshakuwa mkubwa. Karatasi ile shangazi ameihifadhi ndani ya kadi yake ya kliniki, na majirani wakija na habari za uvimbe, huwaonyesha.