Difu mpya imekufa siku ya tisa: kabla ya kugombana, soma meno

Leo siasa pembeni, tuongee difu. Huku kwetu Ngara na Biharamulo gari ndio shamba la watu wengi, na kilio ni kile kile: mtu anafunga kraunwili na pinioni mpya, wiki mbili haziishi gari inaanza kulia. Mwenye gari anasema fundi mbovu, fundi anasema spea feki, muuza spea anasema mlizidisha mzigo.

Yamemkuta mjomba wangu. Pikapu yake ya Toyota inabeba ndizi kutoka Ngara kwenda Nyakanazi. Alikopa kwenye kikundi, akafunga difu mpya. Siku ya tisa jioni, kabla ya kufika Nyakahura, injini inanguruma lakini gari haiendi. Tukalala juu ya mikungu. Wanaokumbuka miaka ya 2000, magari yalipokuwa yanapita mapori yale kwa msafara na askari, wanajua usiku wa pale unakuwaje.

Kwanza tuelewane. Pinioni ni gia ndogo inayozungushwa na propela. Inasukuma kraunwili, gia kubwa, ndiyo inapeleka nguvu kwenye magurudumu. Meno yake hayagusani tu, yanateleza moja juu ya lingine kwa mgandamizo mkali, hasa ukipandisha vilima vya Rusumo na mzigo. Hizi gia zinasagwa pamoja kiwandani, ni jozi. Ukichanganya pinioni ya huku na kraunwili ya kule, usitegemee idumu.

Sasa ikifa mapema, fuata hivi:

1. SIKILIZA. Ikilia ukikanyaga mafuta tu, au ukiachia tu, shuku mpangilio wa meno au beringi za pinioni. Ikilia kwenye kona tu, ni spaida. Ikinguruma muda wote, ukanyage usikanyage, anza na beringi. Ikigonga "ko!" unapoondoka, nafasi kati ya meno ni kubwa, au ni krosi ya propela, kwa hiyo angalia zote mbili.

2. MWAGA OILI KWENYE BESENI SAFI. Unga laini wa chuma ni kawaida kwa gia mpya. Vipande si kawaida. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa kidogo, tazama sili, na kipumulio kama kimeziba.

3. SOMA MENO. Rangi ya bluu au zambarau ni joto. Mikwaruzo mirefu pamoja na joto ni oili. Vishimo vidogo vidogo kila mahali ni uchafu wa difu iliyokufa, fundi hakuosha nyumba yake. Jino moja limekatika na mengine mazima: kuna mshtuko, au kipande cha chuma kimepita katikati.

4. ANGALIA ALAMA YA MGUSO. Paka rangi kwenye meno machache ya kraunwili, zungusha. Alama inatakiwa katikati. Ikikaa chini kwenye shina la jino, pinioni imeingia sana. Ikikaa juu kwenye ncha, iko mbali. Hapo ni kazi ya shimu. Nafasi ya meno kwa Hilux nyingi ni milimita 0.13 hadi 0.18. Hiyo inapimwa kwa saa ya kupimia, sio kwa kutikisa na mkono.

5. NATI NA BOLTI. Nati ya pinioni ikilegea, yote uliyopima yamepotea. Ile bomba inayobonyea chini yake ikishabonyezwa hairudiwi, weka mpya.

Turudi kwa mjomba. Alishasema anampeleka fundi polisi. Ikafunguliwa mbele yetu. Ndani kusafi, bolti zimekaza, alama ya mguso katikati. Lakini meno yote zambarau, yamekwaruzika, ya pinioni yamekuwa makali kama kisu. Fundi akaniangalia. "Kijana, ulileta oili gani?"

Jamani, oili nilitumwa mimi. Niliambiwa namba 90, dukani ikawa haipo, nikapewa ya injini namba 40, "ni zile zile, shika uone uzito." Kweli uzito unakaribiana! Lakini ya difu ina dawa ya kuzuia chuma kisilambane na chuma kwenye mgandamizo, ya injini haina ya kiwango hicho. Kwenye galoni tafuta GL-5. Niliimwaga kwenye chupa nyingine, fundi hakuona galoni. Siku zote fundi anatukanwa, mimi kimya.

Nikasema, "Shikamoo mjomba, nisamehe, ni mimi." Hakunipiga. Alikaa chini tu. Sasa hivi nashusha mikungu bila malipo mpaka deni la kikundi liishe.

Ukifunga mpya: safari ya kwanza kama kilomita 25 bila mzigo, simama ipoe nusu saa. Kilomita 800 za mwanzo usivute wala usijaze. Halafu mwaga oili, weka mpya. Na galoni mpe fundi mkononi, asome mwenyewe.

Mafundi mliopo humu, nilipokosea nirekebisheni. Naomba kuwasilisha.