Kilichobaki Eveleigh: Wahunzi wa Sydney na Kazi Isiyokuwa ya Mwajiri

Karibu na stesheni ya Redfern, mwendo mfupi kusini mwa kitovu cha Sydney, lipo jengo refu la matofali ambalo kwa miaka mia moja hivi lilikuwa karakana ya vichwa vya garimoshi vya serikali ya New South Wales. Karakana za Eveleigh zilianza kazi mwaka 1887 na zikafungwa mwaka 1989. Leo sehemu kubwa ya jengo ni ofisi na maduka, likiwemo duka kubwa la vyakula. Lakini sehemu mbili za mwanzo, zilizokuwa za wahunzi, bado zina mashine nzito za kufulia chuma, na bado moto huwashwa humo na watu wakafundishwa kufua. Wengi wanaokuja kujifunza hawatafuti ajira ya uhunzi. Wana kazi zao nyingine, na wanalipa ili washike koleo, nyundo na kipande cha chuma chekundu. Ni rahisi kusema kwamba watu hawa wanaigiza kazi iliyokwisha kufa, na kwamba uhunzi wa ridhaa ni kivuli cha uhunzi wa kweli. Kwa maoni yangu, kauli hiyo inapindua historia. Ufundi wa chuma Sydney ulikuwa na pande mbili tangu mwanzo: upande uliokuwa mali ya mwajiri, na upande ambao mafundi waliushika wenyewe, kwa muda wao, kwa vyombo vyao, baina yao. Upande wa kwanza ndio uliokufa mwaka 1989. Wa pili uliendelea, na wahunzi wa ridhaa ni warithi wake halali.

Hoja hii inaanzia kwenye kazi yenyewe. Mhunzi hujitengenezea vyombo vyake, na katika hilo mafundi wengi hawamfikii. Seremala hununua msumeno, fundi cherehani hununua cherehani, lakini mhunzi akikosa koleo la kushikia chuma cha mviringo, hulifua koleo hilo asubuhi na kulitumia mchana. Ndiyo maana ukuta wa karakana ya uhunzi hujaa makoleo yasiyofanana hata mawili, kila moja likiwa limezaliwa na kazi fulani. Sifa ya pili ni kwamba kazi nzito haifanywi na mtu mmoja. Mkono wa kushoto wa fundi umeshika koleo na chuma, wa kulia umeshika nyundo ndogo, na mbele yake amesimama mpigaji mwenye nyundo kubwa. Fundi hugonga kidogo mahali anapopataka, na mpigaji humfuatia papo hapo kwa pigo zito. Hawasemezani, maana makelele hayaruhusu. Fundi akiishusha nyundo yake juu ya fuawe badala ya juu ya chuma, mpigaji ameshaelewa kwamba aache. Mazungumzo hayo ya nyundo hujifunzwa kwa kusimama mbele ya mwenzako siku baada ya siku.

Mfano mwingine ni patasi ya kukatia chuma. Fundi huipasha ncha mpaka iwe nyekundu iliyokolea, kisha huchovya ncha tu majini, akaiacha shingo na joto lake. Anaitoa, anaisugua upesi kwa kipande cha jiwe mpaka ing'ae, halafu anatazama. Joto la shingo linapoteremka, rangi hutembea juu ya chuma: kwanza njano hafifu ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Zambarau ikifika nchani, patasi hurudishwa majini. Akiwahi mno, ncha itavunjika, akichelewa, itapinda. Rangi hizo hutegemea mwanga uliopo, na ndiyo sababu wahunzi hupenda karakana yenye kiza kidogo. Picha ya video haiwezi kumfundisha mtu jambo hili sawasawa, kwa kuwa kamera hubadilisha rangi. Mwanafunzi anahitaji mtu wa kusimama naye kwenye kiza kilekile na kumwambia: sasa.

Basi ni nani aliyeumiliki ujuzi wa namna hiyo? Swali hili lina umri sawa na mji wenyewe. Sydney ilianzishwa na Waingereza mwaka 1788, kwenye ardhi ya wenyeji, ili iwe koloni la wafungwa, na wahunzi wake wa mwanzo wengi wao walikuwa watu walioletwa kwa hukumu ya mahakama. Wakati wa Gavana Macquarie, kati ya 1810 na 1821, wafungwa wenye ufundi walikusanywa katika uwanja wa karakana za serikali kwenye pembe ya mitaa ya George na Bridge, wahunzi wakiwemo. Walikuwa na mwajiri mwenye nguvu kuliko waajiri wote: dola iliyomiliki miili yao. Hata hivyo mchana haukuwa wote wa dola. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kwamba mfungwa akimaliza kiasi cha kazi alichopangiwa, saa zilizobaki za alasiri zilikuwa zake, na angeweza kuzifanyia kazi ya malipo ili apate kodi ya chumba. Hyde Park Barracks ilipofunguliwa mwaka 1819 na wafungwa wa serikali wakalazwa humo, saa hizo zilibanwa kwa makusudi. Kwangu huu ni ushahidi mzito. Tangu kizazi cha kwanza, muda wa fundi ulikuwa ukigombaniwa, na fundi alikuwa na sehemu yake.

Ugomvi huo uliripuka waziwazi pale Eveleigh karne moja baadaye. Kufikia wakati huo karakana hizo zilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa nchini, na tangu 1908 zilikuwa zikiunda vichwa vya garimoshi badala ya kutengeneza vibovu tu. Katikati ya mwaka 1917, wakuu wa reli walileta mfumo wa kadi: kila kazi ya kila mtu ingeandikiwa muda wa kuanza na wa kumaliza, na kadi zikae mikononi mwa wasimamizi. Mawazo hayo yalitoka Marekani, kwa Frederick Winslow Taylor, aliyefundisha kwamba ujuzi wa mafundi ukusanywe na uongozi, upimwe, kisha warudishiwe mafundi kama maagizo. Tarehe 2 Agosti 1917 mafundi zaidi ya 5,000 wa Eveleigh na wa karakana za tramu za Randwick waliweka vyombo chini. Mgomo ukaenea kwa wachimba makaa, mabaharia na wapagazi wa bandarini. Serikali ikaleta watu wa kujitolea kutoka mashambani, wengine wakilazwa katika uwanja wa kriketi wa Sydney na wengine katika bustani ya wanyama ya Taronga. Mwezi Septemba wafanyakazi wa reli walishindwa, na kadi zikabaki.

Wapo watakaosema kwamba ninaupa mgomo huu maana isiyokuwa yake: kwamba watu waligoma kwa sababu vita vilipandisha bei ya mkate, wala si kwa kupenda nyundo. Ni kweli bei zilipanda, na ni kweli uchovu wa vita ulikuwa mkubwa. Bila hayo mgomo usingefika mbali hivyo. Lakini kilichowatoa Eveleigh siku ya kwanza ni kadi. Kadi humhesabu mtu mmoja mmoja, na kazi ya uhunzi, kama tulivyoona, haina mtu mmoja. Muda wa pigo uandikwe kwa jina la nani, fundi au mpigaji? Na dakika ambazo mzee alizitumia kumwonyesha mwanagenzi rangi ya zambarau, zihesabiwe kuwa kazi au uvivu? Waliogoma mpaka mwisho walirudi wakiwa wamepoteza ukuu wao kazini, na uchungu kati yao na waliobaki kazini ulidumu miaka mingi, hata baada ya serikali ya Jack Lang iliyoingia mwaka 1925 kuwarudishia haki hiyo. Mmoja wa mafundi wa Eveleigh walioshiriki, Joseph Cahill, alikuja kuwa kiongozi wa serikali ya jimbo kuanzia 1952 hadi kifo chake 1959, na ndiye aliyesukuma ujenzi wa Opera House.

Kadi zilishinda, lakini hazikufika kila pembe. Katika karakana za reli na viwanda vya Australia kulikuwa na desturi ambayo kila fundi aliijua na hakuna aliyeiandika kwenye daftari: kujitengenezea vitu vya siri kwa mabaki ya chuma na kwa dakika zilizoibwa. Kijiko cha kuchotea majivu, bawaba ya geti la jirani, chombo cha kuchomea nyama, zawadi ya mwenzao anayestaafu. Kwa jicho la mwajiri ulikuwa wizi, na kwa sheria sina ubishi naye. Lakini vitazame vitu hivyo kwa jicho la historia ya ufundi. Hapo ndipo fundi alipochagua mwenyewe umbo, akamwomba mwenzake wa tupa amsaidie kulainisha na wa kulehemu amuunganishie, na hakuna aliyelipwa. Kufua kwa kupenda, kwa vyombo vya kuazimana, kwa ajili ya mtu unayemjua: huo ndio uhunzi wa ridhaa, na ulikuwamo ndani ya kiwanda wakati kiwanda kingali hai.

Kwa hiyo mlango wa kiwanda ulipofungwa, kitu hicho kilikuwa na pa kwenda. Katika miaka ya 1990 wahunzi wawili, mwanamke na mwanamume, walifanya kazi katika karakana ileile ya Eveleigh wakitumia mashine zilizoachwa, na baada yao wamekuja wengine wanaofundisha. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo Lane Cove, kaskazini mwa Sydney, ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo zilizofungua karakana za mtaa ambamo wanaume, wengi wao wastaafu, hukutana kufanya kazi za mbao na chuma. Karakana za namna hiyo zilipata chama chao cha taifa mwaka 2007 na sasa nchini kote zinapita elfu moja. Wenye kuzianzisha walijali afya na upweke wa wanaume waliopoteza kazi, jambo ambalo lenyewe linathibitisha hoja yangu. Walitambua kwamba mtu anapotoka karakanani kwa mara ya mwisho, pamoja na mshahara hupoteza kundi la watu wa kusimama naye.

Afrika Mashariki inatupa mizani ya kupimia madai haya. Katika miaka ya 1970 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya, magharibi mwa Ziwa Nyanza, wayeyushe chuma kama zamani, ingawa kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi. Hakuna mzee aliyekuwa na ujuzi wote kichwani. Ilibidi wakusanyike, wajenge tanuri, washindwe, wasahihishane, wajaribu tena, na chuma kikapatikana. Nairobi nako, Kenneth King alionyesha jinsi ufundi ulivyotoka karakana za mafundi wa Kihindi na kuingia mikononi mwa vibarua wa Kiafrika, mpaka ukawa jua kali. Ukifika Kamukunji leo utaona kipande cha reli kikitumika kuwa fuawe, na kipande kama hicho ndicho fuawe ya kwanza ya wahunzi wengi wa ridhaa duniani.

Hapo ndipo pingamizi kubwa linaponijia, na sitaki kulipita haraka. Fundi wa Kamukunji hufua ili watoto wale. Mtu wa Sydney hulipa ili afue. Je, si dharau kuwaweka sentensi moja? Ingekuwa dharau kama ningesema hali zao ni sawa. Si sawa hata kidogo, na uhunzi wa ridhaa hauwezi kuchukua nafasi ya ajira zilizopotea Redfern, mtaa ambao familia nyingi, zikiwemo za wenyeji wa asili, zilitegemea reli. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: njia ambayo ujuzi hupita kutoka mkono hadi mkono ni ileile, na mwenye njaa na mwenye shibe wote hufundishwa na mtu anayesimama kando yao.

Pingamizi la pili linahusu udugu wenyewe. Udugu wa Eveleigh ulikuwa na milango iliyofungwa. Wanagenzi walikuwa wavulana, Wakatoliki na Waprotestanti walitazamana kwa shaka, na wenyeji wa asili kwa kawaida walipewa kazi za chini. Makelele ya nyundo za mvuke yaliua masikio ya watu. Nayakubali yote hayo, na kwa sababu hiyohiyo naona urithi wa ridhaa una ubora ambao kiwanda hakikuwa nao: leo mwanamke anashika nyundo kubwa pale Eveleigh bila kuomba ruhusa ya chama wala ya msimamizi, na ana vizibo masikioni.

Kinachonitia wasiwasi ni namna urithi huu unavyolindwa. Eveleigh imo katika orodha ya urithi wa jimbo tangu 1999, na eneo lilipouzwa kwa kampuni ya ujenzi ya Mirvac mwaka 2015, mashine zilikuwa na ulinzi wa kisheria. Shinikizo la Davy la tani 1,500 halitaondolewa, na ni vyema. Lakini sheria hulinda vitu, na shinikizo hilo linaweza kusimama pale miaka mia nyingine likisuguliwa mafuta bila mtu yeyote kujifunza lolote kwalo. Kodi ya pango katikati ya Sydney inaweza kumwondoa mhunzi kwa barua moja, na moshi wa makaa unaweza kulalamikiwa na majirani wa ofisini. Wenye mamlaka ya jimbo wangepaswa kuandika katika masharti ya jengo kwamba sehemu ya wahunzi iwe na moto unaowaka, fuawe inayotumika na nafasi za wanagenzi, kwa kodi ambayo fundi anaweza kuilipa, na wakaguzi wanaokuja kukagua kutu wakague pia kama kuna anayefundishwa.