Ya Mezani au ya Kupakata?

Kuna maamuzi ambayo mtu huyaona madogo mpaka yaingie ndani ya nyumba yake. Swali la kununua kompyuta ya mezani au kompyuta mpakato ni mojawapo. Muulize mwenye duka wa Kariakoo, atakujibu kwa bei. Muulize fundi, atakujibu kwa vipuri. Muulize kijana, atacheka tu, kwa kuwa kwake yeye jibu lilikwisha kutolewa zamani. Mimi niliulizwa swali hilo hapa Vihingo, Wilaya ya Kisarawe, nikiwa na wajukuu wanne ndani na fedha za mashine moja tu, nikaona kwamba majibu yote hayo ni ya kweli na bado hayatoshi. Ndipo nikaanza kutazama nyuma, jinsi mashine hizi zilivyotufikia, nani alipewa, na nani aliambiwa asubiri.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Wataalamu wetu wa lugha waliposema "mpakato" walichota kwenye kitenzi cha malezi. Mtoto hupakatwa. Anayepakatwa huwa ni wa yule aliyempakata kwa saa ile, na mwenziwe akimtaka hana budi kunyoosha mikono na kuomba. Meza haina hali hiyo. Meza ni ya nyumba. Huwezi kuondoka nayo kwapani ukienda kwa shangazi. Kwa hiyo majina ya mashine hizi mbili yanatuambia jambo ambalo matangazo ya biashara hayalisemi: moja ina mtu wake, nyingine ina mahali pake.

Kompyuta ya kwanza nchini mwetu haikuwa na shida ya kuchagua baina ya meza na mapaja. Ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, nayo ilikuwa ICT 1500 ya kampuni ya Kiingereza iliyoitwa International Computers and Tabulators. Mashine za wakati ule zilihitaji chumba kizima, hewa ya kupoozwa, kadi zenye vitundu, na watu maalumu wa kuzihudumia. Mwananchi wa kawaida hakuiona wala hakuwa na sababu ya kuiona. Baadaye kukawa na jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta. Lilikwenda kombo. Wataalamu wa kigeni walikuwa ndio tegemeo, fedha zilitoka, na hesabu hazikunyooka kama ilivyotarajiwa.

Ndipo mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Aliyetaka alipaswa kuomba kibali maalumu. Televisheni nazo zilizuiwa Tanzania Bara katika miaka hiyo, na ndiyo maana sisi wa Bara tulikaa hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya televisheni vikaanza kurusha matangazo, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walikwisha kuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Siku hizi ni rahisi kuwacheka waliotoa amri ile. Mimi siwacheki. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda kwa kishindo tangu mwishoni mwa 1973, ukame ulikuwa umepiga mashamba, na fedha za kigeni zilihitajika kununulia chakula. Nchi iliyokwisha kuungua vidole kwa mashine isiyoimudu ilikuwa na haki ya kusema: ngoja kwanza. Uzito wa jambo ulikuja baadaye. Vizuizi vililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, vikaondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kati ya hapo wapo vijana waliosoma wakamaliza, wakaajiriwa, wakazeeka kazini, bila kugusa kompyuta. Mlango ulipofunguliwa waliambiwa wajifunze kwa vijana wa umri wa watoto wao. Wengine walijifunza. Wengine waliomba kustaafu mapema. Sababu za marufuku zilikuwa nzuri, lakini sijapata kukutana na mtu katika hao aliyeambiwa marufuku hiyo ingekwisha lini.

Mwaka mmoja tu kabla ya amri hiyo, nchi hiihii ilikuwa imetufundisha somo jingine juu ya mashine, somo linalovutana na hilo la 1974. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 Radio Tanzania Dar es Salaam ilitoa vipindi, na vijijini watu walikusanyika katika vikundi vyenye kiongozi wao na vitabu vyao vidogo, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Walioshiriki walikuwa kiasi cha watu milioni 2. Nilikuwa mtoto, nikimfuata mama kwenye kikundi. Redio ilikuwa moja, imewekwa juu ya kiti, na sisi wengine tuko mkekani. Hakuna aliyesema "redio yangu" kwa saa ile.

Lakini isidhaniwe kwamba redio ile ilifanya kazi kwa kuwa ilikuwa moja. Ilifanya kazi kwa kuwa ilikuwa na saa yake, kiongozi wake na jambo la kujadili. Redio hiyohiyo, bila kiongozi wala saa, ingeishia kwa kijana mwenye nguvu kuliko wenziwe, akitafuta muziki.

Turudi kwenye kompyuta. Wakati sisi tumefunga mlango, huko nje mashine zilikuwa zikipungua umbo. Mwaka 1981 ni mwaka wa kukumbukwa, kwa kuwa safari zote mbili zinaonekana humo. Mwezi Agosti kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani ambayo wengi waliifuata kwa mfano. Mwaka huohuo ilitoka Osborne 1, iliyouzwa kama kompyuta ya kubebeka kwa dola 1,795. Kubebeka kwenyewe kulikuwa kwa kilo 11 hivi, na kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu. Haikuwa na betri ndani. Ulibeba mzigo wako kutoka kwenye soketi moja hadi nyingine. Mwaka 1985 Toshiba ilitoa T1100, iliyofunguka na kufungika kama kitabu na kutumia betri. Mwaka 1991 Sony ikaanza kuuza betri za lithiamu, nyepesi na zenye kudumu na chaji, na hizo ndizo zilizomfungulia mtu mlango wa kufanya kazi mbali na ukuta. Kufikia robo ya tatu ya mwaka 2008, mpakato zilizosafirishwa na viwanda duniani zilikuwa zimezipita za mezani kwa idadi.

Kwetu Tanzania za mezani ndizo zilizotangulia. Miaka ya 1990 ziliingia maofisini, zikaiondoa mashine ya chapa. Mwishoni mwa miaka hiyo zikajaa katika mikahawa ya intaneti mijini, ambako mtu alilipia kwa dakika. Zilipoanza kuingia majumbani ziliwekwa sebuleni kama televisheni, zikafunikwa vitambaa vya kudarizi ili vumbi lisiingie. Nyumba nyingine kitambaa hicho kiliondolewa siku ya wageni tu.

Jambo lililoipa mpakato nguvu hapa kwetu, kwa maoni yangu, ni umeme kuliko urembo. Miaka ya 1992, 1994, 2006 na 2011 nchi ilipita katika mgawo mkali wa umeme, maji yalipopungua katika mabwawa kama Mtera. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani huzima palepale na kazi ambayo hukuihifadhi hupotea, isipokuwa uwe na kile kifaa cha akiba ambacho mafundi hukiita UPS, nacho hukupa dakika chache tu za kufunga kazi. Mpakato huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Tangu mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, imekuwa ikiingia kazini, na umeme nchini umeongezeka sana. Hata hivyo nguzo ikianguka njiani wakati wa masika, wingi wa megawati haumsaidii mtu wa kijijini usiku huo.

Kisha kuna hesabu ya matumizi. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula kiasi cha wati 100 hadi 200. Mpakato ya kawaida hula 30 hadi 60. Chukua saa 4 kila siku kwa siku 30. Ya mezani inayokula wati 150 itamaliza uniti 18; mpakato ya wati 40 haifiki uniti 5. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani hulipa nafuu iwapo hazidishi uniti 75 kwa mwezi, na akivuka hapo kila uniti ya ziada humuuma. Nyumba yenye friji ndogo, taa na pasi, uniti 18 si kitu cha kupuuza. Kwa mwenye sola hesabu ni kali zaidi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina kama wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Nusu hiyo ni saa 4 za kompyuta ya mezani, au zaidi ya saa 12 za mpakato.

Ya mezani nayo ina utetezi wake, na ni wa haki. Kwa fedha ileile hukupa nguvu zaidi. Kila kiungo chake kiko peke yake: kibodi ikifa unanunua kibodi, kioo kikifa unanunua kioo, na kazi inaendelea. Mpakato ikimwagikiwa chai, chai haichagui. Huenda ikashuka hadi kwenye moyo wa mashine. Ya mezani haiibwi kwenye daladala. Na kubwa kuliko yote, haihami na mtu mmoja.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipogawanyika. Mjukuu wangu mkubwa, msichana, alikuwa amepata nafasi chuoni Dar es Salaam. Alitaka mpakato. "Babu," alisema, "kule kazi zinatolewa usiku, na chumba cha kompyuta kina foleni." Watatu waliobaki, wa kwanza wao akiwa kidato cha pili, walitaka ya mezani, ikae sebuleni, ili naye akienda wao wasibaki na mikono mitupu. Bibi yao alikuwa upande wao. Hoja yake ilikuwa fupi: "Unawapa watatu au unampa mmoja?" Fedha zilikuwa za korosho, na korosho zilipaliliwa na wote wanne.

Mafunzo yale mawili yaliponijia, kila moja lilivuta upande wake. Mtu ni Afya lilisema: weka mashine katikati, wengi watafaidika. Marufuku ya 1974 ilisema: angalia ni nani ambaye wakati wake unakwisha. Na jambo nililolitambua katika kupima ni hili, kwamba kila uchaguzi wa namna hii ni marufuku ndogo kwa mtu fulani. Nikinunua ya mezani, nimempiga marufuku msichana. Nikinunua mpakato, nimewapiga marufuku watatu. Hakuna mashine dukani iwezayo kuniondolea hilo.

Niliamua mpakato, iende na msichana. Masomo yake ni ya miaka mitatu, na miaka hiyo haisubiri msimu wa korosho. Wadogo zake wana miaka mbele yao. Lakini nilijua pia kwamba hiyo ndiyo hoja hasa waliyoambiwa watu wa rika la kaka zangu: ninyi mna muda, ngojeni. Kwa hiyo niliwaita wote mkekani, nikawaeleza sababu na hesabu, ya umeme na ya fedha, nikawaambia hadi lini: baada ya mnada wa korosho wa msimu ujao, kompyuta ya mezani itawekwa sebuleni, na itakuwa na saa zake, kila mmoja zamu yake, na wa kidato cha pili ndiye atakayesimamia zamu hizo. Akirudi likizo, dada yao atawafundisha kwa hiyo mpakato yake, kila jioni saa moja.

Yule wa kidato cha pili alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na korosho zikikataa, babu?"

Swali hilo ni zito kuliko la mezani na mpakato, na sikulikwepa. Nilimjibu kwamba zikikataa, tutauza kitu kingine, na nikamtajia kitu chenyewe mbele ya bibi yake. Akaniomba niandike. Alileta daftari, nikaandika tarehe, sababu na kitu kitakachouzwa, nikatia sahihi. Daftari analo yeye.

Basi, ndugu msomaji, ukinijia na swali la ya mezani au ya kupakata, nitakuuliza umeme wako ukoje, nani anasafiri, na watu wangapi wataigusa mashine hiyo. Ukishanijibu, ushauri nitakupa bila shida. Ila kabla hujatoa fedha, mtazame yule atakayekosa, umweleze kwa nini, na umwambie hadi lini.