Chenga za mwisho Mbeya

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani Mbeya kwa likizo fupi. Mdogo wangu, fundi wa kujifunza mwenyewe, ameweka kompyuta kuukuu kwenye kona ya sebule. Ameijaza filamu, kwaya za mama na mechi za zamani, na luninga inavuta kila kitu kutoka humo kwa mtandao wa nyumbani. Luninga yenyewe ni bapa, imenunuliwa mwaka 2014, na bado nzima kabisa. Sasa asubuhi moja mama anawasha ili asikilize kwaya zake, kioo kinamwambia kifaa hiki hakitumiki tena. Kumbe usiku ile programu ilijisasisha yenyewe, na toleo jipya halizungumzi tena na luninga za umri ule.

“Kifurushi kimeisha?” mama akauliza.

Mdogo wangu akaanza maelezo marefu. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Kumbe ni kama ile ya ving'amuzi.”

Neno hilo limenikaa kichwani mpaka leo. Jamani, mama kasema kweli. Nilikuwa na miaka kumi na tano wakati “ile ya ving'amuzi” ilipofika Mbeya, na nadhani wengi wa umri wangu tumeisahau haraka mno. Kwa hiyo leo naomba turudi nyuma kidogo.

Kwanza tukumbuke kwamba Bara tulichelewa sana kuwa na luninga. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi. Huku kwetu Serikali ilikwenda upande mwingine: mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na seti za televisheni nchini. Vituo vya Bara vilianza kuchipuka katikati ya miaka ya 1990, ITV kikiwemo mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikafuata mwishoni mwa muongo huo. Kwa watu wa mikoani maana yake ni kwamba luninga ya kwanza ya familia nyingi ilinunuliwa miaka ya mwisho ya tisini au baada ya 2000, mara nyingi mitumba, ile yenye mgongo mkubwa tunayoiita chogo. Haikuwa kitu cha kubadilisha kila baada ya miaka mitatu. Ilinunuliwa kama inavyonunuliwa cherehani.

Yetu ilikuwa chogo ya inchi 14, na antena yake ilifungwa kwenye mti wa mlingoti nyuma ya jiko. Anayeijua Mbeya anajua tatizo. Mji umekaa kama ndani ya bakuli, Loleza inakutazama kutoka juu, na kila mtaa una kilima chake kinachokatiza mawimbi. Kazi yangu ya utotoni ilikuwa kuuzungusha ule mlingoti taratibu huku baba akipiga kelele kutoka ndani: “Rudi kidogo! Hapo hapo! Usiguse!” Nikiachia, chenga zinarudi.

Nataka nizisemee vizuri hizo chenga, kwa sababu ndizo kiini cha habari hii. Mawimbi ya analojia yakidhoofika, picha inachafuka kidogo kidogo. Unaona mpira kama kivuli, mtangazaji ana mapacha wawili, lakini sauti unaisikia na taarifa ya habari unaipata. Dijitali haina huruma hiyo. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kama kioo. Yakipungua kidogo tu, picha inaganda, inakatika vipande, halafu hakuna kitu. Kwa nyumba iliyozoea kuishi na nusu ya picha, hayo yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko yalivyoelezwa kwenye matangazo.

Uamuzi haukufanyika Dar es Salaam wala Dodoma. Ulifanyika Geneva, kwenye mkutano wa Shirika la Mawasiliano la Kimataifa (ITU) uliomalizika Juni 2006. Nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 ulinzi wa masafa ya televisheni za analojia utakoma. Sababu ilikuwa ya msingi. Masafa ni kama ardhi ya mjini, hayaongezeki. Kipande kilichokuwa kinabeba kituo kimoja cha analojia kinaweza kubeba vituo kumi na zaidi vya dijitali, na vipande vinavyobaki wazi wanapewa watu wa simu. Usidhani hilo ni nadharia. Juni 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipiga mnada masafa ya megahezi 700, ambayo kabla ya hapo yalikuwa ya televisheni. Ile intaneti ya kasi tunayojivunia inapita kwenye barabara zilizokuwa za zile chenga.

Nchi za Afrika Mashariki zilijiwekea lengo la kumaliza mapema, mwisho wa 2012. Ulipofika wakati wenyewe, majirani wakasogeza tarehe mbele. Tanzania haikusogeza. Kampuni tatu zilikuwa na leseni za kujenga mitambo ya kurusha matangazo ya dijitali: Star Media, Agape Associates na Basic Transmissions, ambazo mitaani tulizijua kwa majina ya ving'amuzi vyao, yaani StarTimes, Ting na Continental. Dar es Salaam ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Januari zikafuata Dodoma na Tanga, Februari Mwanza, Machi Arusha na Moshi. Sisi tulikuwa wa mwisho katika awamu hiyo ya kwanza: Mbeya, tarehe 30 Aprili 2013.

Hebu itazame tarehe hiyo. Kesho yake ilikuwa Mei Mosi, na mwaka huo sherehe za kitaifa za wafanyakazi zilifanyika Mbeya, Uwanja wa Sokoine, mgeni rasmi akiwa Rais Kikwete. Nchi nzima ililetewa picha kutoka mjini kwetu. Sisi tulikuwa na mgeni huyo kilomita chache kutoka sebuleni, na kwenye chogo yetu kulikuwa na mvumo mweupe tu, shwaaa, chaneli zote. Baba aliiacha imewaka kwa muda mrefu. Nadhani alitarajia kwamba wangerudisha.

Wenye vituo nao walilalamika. Mwezi Januari 2013, baada ya Dar es Salaam kuzimwa, chama cha wamiliki wa vyombo vya habari, MOAT, chini ya Reginald Mengi, kilitaka mifumo yote miwili iendelee sambamba kwa muda, kwa hoja kwamba watazamaji wamepotea na matangazo ya biashara yanafuata njia hiyo hiyo. Serikali ikakataa. Profesa Makame Mbarawa, aliyekuwa Waziri wa Mawasiliano, Sayansi na Teknolojia, na TCRA chini ya Profesa John Nkoma walishikilia ratiba. Kwa kweli siwezi kuwalaumu kwa hilo peke yake. Ukishaacha tarehe moja iteleze, zote zinateleza.

Kwa kupita tu: neno king'amuzi ni zuri mno kwa kitu kilichotukera kiasi kile. Kung'amua ni kutambua jambo lililofichika. Kwa hiyo kwa lugha ya Kiswahili chogo yetu haikuharibika. Ilikosa tu kung'amua, na ilibidi tuinunulie akili ya nje.

Na hata hiyo akili haikuwa ya moja kwa moja. Baba alinunua king'amuzi, akafika nacho nyumbani, akakizungusha mkononi. Kilikuwa na matundu matatu ya rangi: njano, nyeupe na nyekundu. Chogo yetu ilikuwa na tundu moja tu nyuma, la antena. Tukakibeba mpaka kwa fundi mmoja Mwanjelwa, tukakuta foleni ya watu wenye tatizo lile lile, kila mmoja na chogo yake kwenye toroli au kichwani. Fundi akasema kuna ving'amuzi vyenye njia ya antena, lakini hicho si kimojawapo. Akatushauri tununue luninga nyingine ya mitumba yenye hayo matundu. Alikuwa nazo kadhaa dukani, kwa bahati nzuri!

Sasa hapo ndipo Iringa inapoingia. Iringa haikuwamo kwenye ile miji saba ya kwanza. Awamu ya pili ilianza 2014. Kwa hiyo kwa muda, kati ya miji hii miwili ya nyanda za juu iliyoungana kwa barabara moja kupitia Makambako na Mafinga, mmoja ulikuwa umeshazimwa na mwingine bado unaishi na chenga zake. Baba akampigia simu baba mdogo anayeishi Ipogolo. Siku ya tatu chogo yetu ilifungwa kwa blanketi, ikapandishwa kwenye buti ya basi, ikaenda Iringa kama mkimbizi. Jioni baba mdogo akapiga simu akicheka: inaonyesha vizuri kuliko ilivyokuwa ikionyesha Mbeya.

Nilipokuja kuwa mwandishi nikagundua kwamba hatukuwa peke yetu. Nimeshaongea na mafundi wa Mbeya na Iringa, na wanaikumbuka hiyo safari ya luninga kuelekea kule ambako mitambo ilikuwa bado haijazimwa. Kitu kizima kabisa kinakosa thamani Mbeya, kinaipata tena Iringa, kwa sababu tu ya kilichoamuliwa upande wa mtambo.

Kenya walipata somo gumu zaidi. Wao walianza majaribio Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T. Baadaye wakahamia DVB-T2, ambao ni bora zaidi, na king'amuzi cha mfumo wa kwanza hakisomi wa pili. Maana yake aliyekuwa wa kwanza kutii, akanunua mapema, ndiye aliyelazimika kununua mara mbili. Kisha Februari 2015, katika mvutano kuhusu nani arushe matangazo ya dijitali, vituo vikubwa vya Nairobi, yaani Citizen, NTV na KTN, vilitoweka hewani kwa takriban wiki tatu.

Mimi sibishani na Geneva. Nabishana na ankara. Marekani ilipozima analojia tarehe 12 Juni 2009, serikali yao ilikuwa imetoa kuponi za dola 40, hadi mbili kwa kila nyumba iliyoomba, kusaidia ununuzi wa ving'amuzi. Uingereza, iliyomaliza Oktoba 2012, ilikuwa na mpango maalumu wa kuwasaidia wazee wa miaka 75 na zaidi pamoja na walemavu, na watu walikuja nyumbani kuwafungia. Nyumbani kwetu hakukuja kuponi wala fundi wa mtu yeyote. Masafa yaliyoachwa wazi yalikuwa mali ya umma na yalikuja kuuzwa kwa mamilioni ya dola, ila gharama ya kuyaacha wazi ililipwa mfukoni na mwalimu wa shule ya msingi, kwa king'amuzi kimoja na luninga moja ya mitumba. Baba hakuwahi kulifanya hilo liwe malalamiko. Alisema tu, “Wameamua,” kama mtu anavyosema mvua imekatika.

Halafu Agosti 2018 yakaja mengine. TCRA iliziamuru kampuni za ving'amuzi vya dishi, Azam, DStv na Zuku, ziondoe chaneli za ndani za bure kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu kuzibeba. Kisheria hoja ilikuwepo. Lakini huko Makete, au kwenye vijiji vya Kilolo nyuma ya milima ambako mawimbi ya minara ya mjini hayafiki, watu waliambiwa wakati huo kwamba dishi walilonunua ili waione ITV halioneshi tena ITV. Safari hii hata kifaa hakikuwa cha zamani.

Kwa ile luninga ya mama, mdogo wangu alihangaika siku mbili. Aliondoa toleo jipya, akarudisha la zamani, akaifungia programu isijisasishe tena. Inafanya kazi, ingawa mwenyewe anakiri kwamba kwa njia hiyo anauacha mlango wa kompyuta wazi kwa wahalifu wa mtandaoni, maana masasisho ndiyo yanayoziba matundu. Suluhisho la pili ni kununua kile kidude kidogo kinachochomekwa nyuma ya luninga na kuipa akili mpya. Yaani king'amuzi, kwa jina lingine. Mama aliposikia bei akasema tusubiri kwanza.

Kabla sijapanda basi kurudi kazini nilimpigia baba mdogo kumjulia hali, nikamuuliza kuhusu ile chogo. Ipo. Iringa ilipozimwa na yenyewe, alitafuta king'amuzi chenye njia ya antena, akakipata, na mpaka leo anatazamia taarifa ya habari hapo.

“Kwani mnaitaka?” akaniuliza. “Njooni mwichukue. Ila nauli yake ya basi safari hii mtalipa ninyi.”