SOFEPADI: Shirika la Wanawake Lililohamia Beni

SOFEPADI, Mshikamano wa Wanawake kwa Amani na Maendeleo Kamili, lilizaliwa Bunia, Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 2000. Waanzilishi walikuwa Julienne Lusenge, mwandishi wa habari wa redio, na wanaharakati wenzake 22. Vita vya makabila ya Wahema na Walendu vilikuwa vimeanza mwaka uliotangulia. Kazi ya kwanza ya akina mama hao ilikuwa kusikiliza na kuandika: nani kabakwa, wapi, na askari wa upande gani.

Sura ya shirika ilibadilishwa na barabara ya Beni, katika jimbo jirani la Kivu Kaskazini. Agosti 2002 kundi la wapiganaji la UPC la Thomas Lubanga liliteka Bunia. Septemba 5 hospitali ya Nyankunde ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani, na walionusurika wakapita msituni kwa miguu hadi Oicha na Beni. Kabla mwaka haujaisha, askari wa kiongozi wa waasi Jean-Pierre Bemba walifukuza watu wa Mambasa. Mei 2003 Bunia ikawaka tena. Familia nzima nzima zikashika njia ya Komanda na Eringeti zikiwa na magodoro kichwani. SOFEPADI nayo ikahamia Beni. Hospitali ya Nyankunde ilikuwa imeshafanya hivyo.

Kisheria, mwanamke aliyetoka Ituri hakuwa mkimbizi: hakuvuka mpaka, kwa hiyo mkataba wa wakimbizi wa 1951 haukumhusu. Kwa maisha ya kila siku alikuwa ameingia nchi nyingine. Beni na Butembo zilitawaliwa na waasi wa Mbusa Nyamwisi, wenye askari wao na kodi zao. Sokoni watu walipatana bei kwa Kinande. Shamba hakuwa nalo, na mara nyingi mume pia. Wengi walipokelewa majumbani mwa wenyeji, vyumba viwili vikalaza familia tatu. Ukarimu huo ulikuwa na kasoro moja: aliyefichwa na nyumba hahesabiki, na msaada humpita. Hapo ndipo vyama vya akina mama vilipoyazidi mashirika makubwa, kwa kuwa vilijua ni nyumba ipi kwenye mtaa ina mgeni.

Butembo nako hakukulala. FEPSI, chama cha wanawake wa afya, kilihudumia waliobakwa katika hospitali yake. LOFEPACO iliunganisha wakulima wanawake. Chini yao vilikuwepo vikundi vya likelemba, yaani vya kuchangishana fedha kwa zamu, ambavyo havina mhuri wala ofisi, lakini ndivyo vilivyompa mgeni mtaji wa kuuza maharagwe.

Julai 20, 2006, Kongo ilipata sheria mpya za ubakaji, zilizotaka hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Kesi chache zimeutimiza muda huo. SOFEPADI iliunganisha tiba, wakili na biashara ndogo katika huduma moja, ikafungua kituo cha afya Karibuni wa Mama huko Bunia. Mwaka 2007 Lusenge alishiriki kuanzisha Mfuko wa Wanawake wa Kongo, ili vyama vidogo visingoje wafadhili wa mbali.

Kuanzia Oktoba 2014 mauaji ya waasi wa ADF yaliwafanya wenyeji wa Beni wenyewe kuwa wakimbizi wa ndani, wengi wakikimbilia Butembo. Kisha ikaja Ebola, 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287. Wanawake walisimulia kwamba kazi katika vituo vya kupambana na ugonjwa huo ilidaiwa malipo ya mwili. Lusenge aliteuliwa mwenyekiti mwenza wa tume huru iliyochunguza madai hayo. Ripoti ya Septemba 28, 2021 ilitaja watuhumiwa 83, 21 kati yao waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani. Kwa shirika lililoanza kwa kuandika ushahidi, hiyo ni kazi kubwa kuliko tuzo yoyote, ingawa ile ya Umoja wa Mataifa aliyopewa Lusenge mwaka 2023 ilistahili.

Beni nayo imekuwa kimbilio tena: Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Goma, na serikali ya jimbo la Kivu Kaskazini ikahamishia makao yake Beni.